Mkalimani na Maji Yasiyo na Adabu

Popote watu wawili walipozungumza, Mkalimani alikwenda kusimama katikati yao. Sokoni Myanga alisimama kati ya mwanamke anayeuza viazi na mwanamke anayenunua viazi, wote wa kijiji kimoja na lugha moja, akageuza shingo huku na huku mpaka wakaelewana. Kanisani alikaa benchi la mbele, na kila mhubiri alipovuta pumzi, midomo ya Mkalimani ilianza kucheza. Hakuna aliyemwomba. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake huko Kitale, mahakamani, na alirudi nayo nyumbani kama mwashi anavyorudi na vumbi kwenye nywele.

Nilimfahamu kwa miaka mingi kutoka pande mbili. Kitale nilikuwa karani katika mahakama hiyo hiyo, meza yangu ikiwa karibu na mlango. Myanga, shamba letu na lake yalitenganishwa na kijito tu. Kwa hiyo nilimwona akiwa na koti na nilimwona bila koti. Wengi walimjua kwa upande mmoja, na ndiyo maana wa Kitale walimwogopa kupita kiasi na wa Myanga walimcheka kupita kiasi.

Alikuwa mfupi, shingo ndefu, na mwavuli wake aliuning'iniza nyuma kwenye ukosi wa koti ili mikono yote miwili ibaki huru kwa maneno. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kifua chake. Chai alikunywa na chumvi, na ukimuuliza kwa nini, alisema sukari inalegeza ulimi.

Kila tafsiri aliianza kwa maneno mawili: “Kwa ufupi.” Siku moja mama mzee kutoka Saboti alisimama kizimbani kudai ng'ombe. Alieleza tangu ng'ombe huyo alipozaliwa, akaonyesha kwa mikono jinsi pembe moja ilivyopinda, akalia, akaiga mlio wa ng'ombe akiitwa jioni, akamlaani aliyemchukua pamoja na kizazi chake, akamaliza kwa kupiga goti. Hakimu, Mzungu mwenye miwani na subira, alimgeukia Mkalimani.

“Kwa ufupi,” Mkalimani akasema, “ng'ombe ni wake.”

“Ni hayo tu?”

“Hayo mengine alikuwa anamwambia ng'ombe.”

Siku nyingine, barazani kabla ya kesi kuitwa, mlowezi mmoja alimwangukia dereva wake wa trekta kwa matusi ambayo sisi makarani tulijifanya hatujawahi kuyasikia. Mkalimani alikuwa tayari amesimama katikati. Akamwambia dereva, kwa upole, kwamba bwana hajalala vizuri tangu wakosane. Dereva, mtu wa kifua kipana, akainama chini. “Mwambie hata mimi chakula hakipiti,” akasema. Sikumbuki Mkalimani alimpelekea yule Mzungu maneno gani, lakini Mzungu alivua kofia, akaivaa tena, na kesi haikuitwa.

Walipoondoka nilimuuliza, “Mzee, hayo ndiyo waliyosema kweli?”

“Hayo ndiyo wangesema kama wangekuwa na akili,” akanijibu.

Nieleze pia kasoro zake, maana zilikuwa kubwa na alizitunza vizuri. Alimsahihisha kila mtu: mhubiri, mpishi, hata mtu aliyekuwa akimpa pole ya msiba. Lakini yeye ukimsahihisha alishikwa na kikohozi. Kikohozi hicho kilidumu mpaka ulipobadilisha mazungumzo, kisha kikapona papo hapo. Sikuwahi, katika miaka hiyo yote ya Kitale, kumsikia akisema “nimekosea”. Alisema “nimeeleweka vibaya.”

Na alipenda kuoga. Chumba chake cha kupanga kilikuwa upande wa Kibomet, mahali ambapo asubuhi baridi ya mlimani inashuka na kukutafuta hadi chini ya blanketi. Huko watu walioga nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa magunia, haraka haraka, kwa kulalamika. Yeye alioga polepole, amesimama ndani ya karai, akiimba. Tena aliweza kuoga mwili mzima kwa kopo moja la maji na kubakiza ya kusuuza miguu. Kumbuka karai hilo na kopo hilo, kwa sababu ndivyo vilivyomponza.

Maana siku moja alitumwa nyumbani kwa hakimu, kwenda kukata maneno kati ya mke wa hakimu na dobi. Alirudi uso umebadilika.

“Karani,” akaniambia, akivuta kiti karibu na meza yangu, “wana bafu ndani ya nyumba.”

“Nimesikia hivyo.”

“Ndani! Unatoka kitandani, unafungua mlango, unaoga. Chini ni simiti, inang'aa. Maji yanaingia kwenye tundu, yanakwenda zake nje. Hayaagi mtu.”

Tangu siku hiyo hakuwa na hadithi nyingine. Alipopata likizo alipanda lori hadi Bungoma, akamchukua fundi mmoja sokoni, akamleta Myanga.

Nyumba yake ya Myanga ilikuwa ya matofali, imejengwa kwenye mteremko, na kando ya sebule palikuwa na ghala la mahindi. Hilo ndilo aliloamua liwe bafu. Sakafu yake ilikuwa ya mawe na simiti tangu zamani, iliwekwa ili panya wasichimbe. Kwa mahindi ilifaa. Ilifuata kilima jinsi kilivyotaka: juu upande wa ukuta wa nje, chini upande wa mlango wa sebule, na katikati ilikuwa imevimba kama nundu ya fahali.

Fundi aliitazama akachutama. “Mzee, hii tuvunje.”

“Kwa nini?”

“Imepinda, bana. Maji yatakwenda sebuleni.”

“Imekaa na mahindi miaka yote hii. Umesikia mahindi yakilalamika?”

“Mahindi hayatiririki, mzee.”

Mkalimani akakohoa. Fundi naye alikuwa mtu wa kupenda kumaliza mapema. Akapaka simiti nyembamba juu ya mabonde na milima yote, akapiga niru, ule uji laini wa simiti, mpaka ikang'aa kama kiatu cha askari, akatoboa tundu kwenye ukuta wa nje, yaani upande wa juu, akaenda zake. Tundu lilikuwa zuri sana. Maji yangelifikia kama yangejifunza kupanda mlima.

Mkalimani akaoga humo likizo nzima, ndani ya karai, kwa kopo, akiimba. Hakuna tone lililogusa sakafu. Akatangaza kwamba bafu halina kasoro.

Mke wake, Mama Robai, hakuingia. Alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, mwenye mikono iliyokandika sakafu tangu usichana wake, kama ilivyokuwa kazi ya wanawake kwetu. Siku bafu lilipokamilika alichungulia, akaweka kiganja chini, akakiinamisha upande kidogo kuonyesha mteremko, akamwangalia mumewe. Mume akakohoa. Mama Robai akaendelea kuoga kwenye ua wake nyuma ya migomba.

Hapa ni lazima nieleze desturi moja, kwa vijana ambao hawakuikuta. Kwetu siku zile mkwe na mama mkwe hawakuangaliana usoni. Hawakupeana mikono. Walipokutana njiani, mmoja aliingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Wakiwa na neno la kuambiana, lilipitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri. Ama maji ya kuoga ya mama mkwe kumgusa mkwe, hilo halikuwa na jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kulihitaji.

Robai, binti yao, alikuwa amechumbiwa na kijana aliyesimamia wachimbaji wa mitaro ya barabara. Walipendana waziwazi, jambo ambalo wazee walilisamehe kwa kuwa kila kitu kingine kilifuata utaratibu. Ikafika siku ya wazee wa upande wa kijana kuja kula na kukubaliana juu ya harusi. Kuku walichinjwa. Mimi nilialikwa kama jirani na kama mtu wa Kitale, yaani mtu wa kuongeza uzito.

Asubuhi hiyo Mkalimani alimsonga mkewe. “Leo utaoga ndani, Mama Robai. Wageni wasikie maji. Wajue binti wanayemposa anatoka nyumba ya namna gani.”

“Baba Robai, ile sakafu...”

Kikohozi.

Basi wageni wakafika, wakakaa sebuleni kwa mpangilio: msemaji wao, mzee mrefu mwenye fimbo, katikati; kijana karibu na mlango wa ghala la zamani. Mkalimani akaanza hotuba. Nyuma ya mlango tukasikia debe likitua chini. Mama Robai hakuwa mtu wa kopo. Alioga kama watu wanavyooga, debe zima, kwa mmwagiko.

Maji yalitokea chini ya mlango bila haraka. Yalikuwa na povu. Yalinukia sabuni nzuri ya kuwekewa wageni. Kijana ndiye aliyeyaona kwanza, akanyanyua miguu juu kabisa, magoti yakagusa kidevu. Mzee aliyemfuata akanyanyua yake. Ikawa hivyo mpaka mwisho wa mstari, na kwa kitambo wazee wote wa ukoo ule walikuwa wamekaa kama kuku kwenye kiota, fimbo hewani, huku maji yakipita chini yao yakielekea kwenye miguu ya meza ya chakula.

Mkalimani alisimama. “Kwa ufupi,” akasema, “ni mvua.”

Tukaangalia nje. Jua lilikuwa linakausha hata kivuli.

“Mvua ya kwenu ina sabuni?” akauliza msemaji.

“Sakafu iko sawa,” Mkalimani akasema. “Maji ndiyo hayana adabu.”

Hawakula. Walitoka kupitia dirishani, mmoja mmoja, wakisaidiana, kijana akibebwa mgongoni na mjomba wake. Uani msemaji alitoa uamuzi: hawatarudi kuzungumza harusi mpaka maji ya nyumba hii yajue njia yake, na wao wenyewe walione jambo hilo kwa macho. Wasiporidhika, uchumba uishe, na kila mtu atafute kwingine.

Robai alikuwa amesimama mlango wa jikoni na bakuli la mchuzi mkononi. “Baba,” akasema, “unanivunjia nyumba kabla sijaingia.”

Tuliporudi Kitale, Mkalimani alilaumu sabuni. Kisha alimlaumu fundi. Fundi alipoletewa ujumbe arudi, alijibu kwamba amehama, ingawa mjumbe alimkuta amekaa mlangoni kwake. Mkalimani akalilaumu debe, kwamba ni chombo cha fujo. Mahakamani alikuwa akitafsiri huku akitazama sakafu.

Aliyekuja kuokoa jambo ni yule kijana mwenyewe. Alituma ujumbe kwamba atakuja Jumamosi na vifaa vyake, maana maji ya barabarani yeye huyapeleka anapotaka, na ya nyumbani ni ndugu zao. Lakini ona balaa lake. Mtu pekee aliyekuwa tayari kuirekebisha sakafu ile ndiye mtu pekee asiyeruhusiwa kuweka mguu pale anapooga mama mkwe wake.

Kwa hiyo kazi ilipangwa hivi. Kijana alichutama nje, karibu na tundu, mgongo ukiwa umeelekea ukutani. Mama Robai alikuwa ndani na tindo, nyundo, mwiko na ndoo. Mimi nilikoroga simiti na mchanga uani. Na kwa kuwa wawili hao hawakuweza kusemeshana, Mkalimani alipindua kinu chini ya dirisha dogo la bafu, akapanda juu yake na koti lake, akaingiza kichwa ndani. Aliweza kumwona mkewe mbele na, akigeuza shingo, kumwona mkwe chini. Sijamwona mtu amefurahi hivyo. Hatimaye kulikuwa na kazi ya kweli nyumbani.

Kijana akaanza. “Baba, mwambie Mama sakafu imepinda vibaya sana. Mteremko wote unakimbilia sebuleni, tena katikati kuna nundu. Aliyeikubali hii alikuwa amelala?”

Mkalimani akageukia ndani. “Kwa ufupi, mkwe anasema sakafu ni nzuri, ila imechoka kidogo.”

Tundu lilikuwa wazi, na kila neno la kijana lilikuwa limepita humo likatua miguuni pa Mama Robai. Mahakamani wenye kesi hawakujua lugha ya upande wa pili, walimtegemea Mkalimani. Hapa sote tulijua lugha moja, na tulikuwa tunamsikiliza akifanya kazi yake kwa mara ya kwanza.

Mama Robai hakuweza kumjibu mkwe. Akaiambia ndoo. “Ndoo, umesikia? Sakafu imechoka. Si tuitandikie mkeka?”

Nje, mabega ya kijana yalianza kutikisika. “Baba, mwambie avunje nundu yote kwa tindo, halafu akwaruze kila mahali ili simiti mpya ishike, amwagie maji kwanza.”

“Anasema uparuze juu juu.”

Ndani tindo likaanza kulia kwa nguvu, mawe yakaruka.

“Nimesema juu juu!”

“Ndoo,” Mama Robai akasema bila kuacha kugonga, “tindo hili lina masikio yake.” Kisha akapumzika. “Baba Robai, muulize mkwe, upande wa mlango niuinue kiasi gani?”

Niliona Mkalimani akilitafuna neno hilo. Kuinua maana yake ni kwamba palikuwa chini. Akageukia nje. “Anauliza kama umekula.”

“Mwambie vidole vinne,” kijana akasema, “halafu ishuke polepole mpaka kwenye tundu.”

“Anasema ameshiba.”

Nilitua koleo nikaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka kicheko kiniishe. Niliporudi, Robai alikuwa amemfuata baba yake kwenye kinu, amemshika pindo la koti. “Baba, sema walivyosema. Mimi ndiye ninayeolewa.”

Alikohoa, lakini kikohozi chenyewe kilikuwa dhaifu.

Hata hivyo kazi ilikwenda, kwa kuwa kila mmoja alisikiliza tafsiri kwa heshima kisha akafanya alichosikia kupitia tundu. Kijana alipitisha mbao mbili nyembamba humo tunduni, Mama Robai akazilaza kutoka mlangoni hadi ukutani, akajaza simiti katikati, akavuta ubao ulionyooka juu yake. Kijana akamtumia pima maji. Mama Robai aliangalia kile kipovu kinachotembea ndani ya kioo, akairudisha pima, akatumia kiganja chake. Sakafu ikafunikwa kwa magunia mabichi, ikaachwa ikauke taratibu, na wazee wakaarifiwa.

Walirudi wiki iliyofuata. Walikaa sebuleni mahali pale pale, na kabla ya kuulizwa habari walinyanyua miguu. Kijana alikuwa nje akilinda tundu. Mkalimani alikuwa juu ya kinu. Mama Robai aliingia na debe, amevaa nguo zake zote, akaacha mlango wazi wazee waone, akamimina.

Maji yakatoka mlangoni vizuri, yakashuka kama yaliyoitwa, yakafika ukutani. Yakasimama. Kisha yakaanza kujaa, yakarudi nyuma polepole, yakipanda kuelekea mlango.

“Mbona hapa hakutoki kitu?” kijana akaita kutoka nje.

Msemaji akagonga fimbo. “Basi sakafu ya kijana wetu nayo haifai. Mzee, ile yako na hii yake ni sawasawa.”

Nilikuwa nimesimama karibu na kinu, na niliuona uso wa Mkalimani. Alipewa, bila kuomba, kitu alichokitaka tangu mwanzo. Alihitaji tu kunyamaza. Sakafu yake ya zamani ingetakata, lawama ingemwangukia mkwe, na angekohoa kidogo kwa adabu. Maji yalikuwa yamebakiza hatua ndogo kufika kizingitini. Robai alikuwa mlango wa jikoni na bakuli lile lile la mchuzi.

Mkalimani akafungua mdomo. Hakusema “kwa ufupi”.

“Sakafu haina kosa,” akasema. “Tundu nililiziba mimi.”

Wote wakamgeukia.

“Jana. Kwa soksi. Niliogopa nyoka. Na ile ya kwanza ilikuwa imepinda. Fundi aliniambia. Mke wangu aliniambia. Nilikosea.”

Mama Robai aligeuza kichwa akatazama dirisha, na nadhani katika ndoa yao yote hakuwahi kumtazama hivyo. Kijana naye hakungoja tafsiri. Aliingiza vidole kwenye tundu, akavuta, soksi ikatoka, na debe zima la maji likaifuata, likammwagikia usoni na kifuani.

Sebuleni wazee walishika vichwa. “Maji ya mama mkwe!” mmoja akalia. “Yamemwogesha!”

Msemaji aliinua mkono. “Mkalimani. Wewe uko juu, umeona. Maji hayo yameogewa na mtu?”

“Hayajaogewa na mtu,” Mkalimani akasema. “Alimimina tu. Ni maji matupu.”

“Hakika?”

“Nimeshakiri soksi, mzee. Nibakize uongo gani?”

Msemaji alifikiri. Akatazama sakafu ya sebule, ilikuwa kavu. Akashusha mguu mmoja, akangoja, akashusha wa pili. Mstari mzima ukafuata, na Robai akaingiza mchuzi kabla mtu hajapata hoja nyingine. Harusi ilifanyika baada ya mavuno.

Ningependa kusema kwamba alibadilika. Jumatatu ile tulipofika mahakamani, shahidi wa kwanza alizungumza mpaka hakimu akasinzia, na Mkalimani akasema, “Kwa ufupi, hapana.”

Baadaye nilihamishwa kikazi, tukapoteana. Nilikuja kumwona tena miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, nilipopita Myanga kusalimia nyumbani. Alikuwa amestaafu, shingo imekuwa ndefu zaidi, na masikio yamekufa kabisa. Alikuwa amekaa barazani katikati ya viti viwili. Kwenye kimoja, mgongo umeelekea mlangoni, alikaa mkwe wake, sasa mwanamume mwenye tumbo na watoto. Mlangoni, mgongo umeelekea nje, alikaa Mama Robai akichambua maharage. Vijana wengi walikuwa wameiacha desturi ile. Hawa wawili walikuwa bado wanapitisha kila neno kwake.

“Baba,” mkwe alimwambia kwa heshima, “mwambie Mama daraja la kijito limebebwa na mvua, watoto wasitumwe upande ule.”

Mkalimani aliangalia midomo yake kwa makini, akageuka. “Kwa ufupi, anasema chai ni tamu.”

“Mwambie nimesikia, nitawazuia.”

“Anasema karibu tena.”

Hakuna aliyecheka. Mkwe aliitikia kwa kichwa, Mama Robai akaendelea na maharage, na Mkalimani akanyoosha koti lake kama mtu aliyemaliza kesi ngumu.

Kisha Mama Robai akasema, “Baba Robai, mwambie mgeni maji ya kuoga yako tayari.”

Mkalimani akaniinamia. “Anasema umezeeka.”

“Mwambie ni kweli,” nikajibu, nikachukua taulo.

Nilioga kwa debe, kwa makusudi. Maji yalishuka bila kusita hata mahali pamoja, yakaingia tunduni, yakaenda zake. Niliporudi barazani Mkalimani alikuwa ananingoja.

“Maji?” akauliza kwa sauti kubwa.

Nikaanza kumweleza, nikipaza sauti, nikionyesha kwa mikono. Mama Robai akanizuia. Akamgeukia mumewe, akaweka kiganja wazi mbele ya macho yake, akakiinamisha upande kidogo tu.

Mkalimani alikitazama kiganja kile kwa muda. Kisha akamgeukia mkwe.

“Anasema uliiweka vizuri,” akasema. “Anasema asante, mwanangu.”

Mkwe aliinama, akaangalia mikono yake. Mama Robai akachukua birika.

“Birika,” akasema, “umesikia? Hilo sikulisema.”

Akatumiminia chai, akianza na kikombe cha mkwe, ambacho alikipitisha kwa mumewe. Hakumwambia alirudishe neno lile.